Majibu kwa Mafundi Wanaotaka Kuondoka

Barua zilizonifikia safari hii zimetoka kwa watu wenye mikono mizuri na miguu yenye haraka, na maadamu wote wanauliza jambo moja kwa njia mbalimbali, yaani vipi fundi aiage karakana pasipo kuacha nyuma yake laana wala deni, nimeona ni afadhali niwajibu katika baraza moja, kila mtu asikie na la mwenziwe.

"Shikamoo Mzee Mshauri. Mimi ni seremala huku Keko, Dar es Salaam. Tajiri wangu hunilipa kwa mwezi, lakini mwezi wake hauandami. Nimepata pahali pengine. Nimekusudia, nikishapokea mshahara huu, nizime simu, kisha baada ya siku mbili nimtumie ujumbe kwamba bibi yangu amefariki kijijini. Je, ni uungwana? — Mchovu wa Randa."

Marahaba, mwanangu. Kabla sijaingia katika suala la uungwana, niruhusu nikupe pole kwa ajili ya bibi yako, ambaye, ikiwa wewe ni seremala kama maseremala wengine niwajuao, hafi kwa mara ya kwanza: yamkini alikwisha kufa mwaka juzi ulipokwenda kutazama kazi ya pembeni, akafa tena kabla ya Idi, mteja wa kabati alipokuja juu, na tajiri wako, aliyechanga rambirambi mara zote mbili, safari hii atataka kufika mazikoni yeye mwenyewe, tena na turubai na viti. Mwache ajuza wa watu apumzike.

Kucheleweshewa ijara ni dhuluma, wala sitaki kuipamba. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, imekwisha kulikata shauri lako bila ya kumtaja bibi wa mtu: alipwaye kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, alipwaye kwa siku au kwa juma hutoa siku 4, na aliye bado katika mwezi wake wa kwanza kazini hutoa siku 7; nayo sharti iandikwe, itaje sababu na tarehe iliyotolewa, wala haitolewi mtu akiwa likizoni. Ukikataa kufanya kazi katika siku hizo, tajiri anaruhusiwa kukata katika stahiki zako kiasi ambacho ungalikipata kwa kuzifanyia kazi, na huyo wako, ambaye kulipa kunamwia vigumu, katika kukata hatachelewa hata saa moja.

Ama hizo siku 28, usizihesabu kama kifungo, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo kazi yenyewe ya kuondoka. Najua, bila ya kuambiwa, kwamba mezani pako hivi sasa pana kitanda cha mninga kilichofika nusu: miguu imekwisha kupigwa randa, ndimi za viungo zimechongwa, matundu bado, na juu ya kila ubao pana alama za penseli ambazo azijuaye maana ni wewe peke yako, msalaba kwa upande wa kutazama nje, mistari miwili pale ulipoacha unene kidogo wa kupitisha msasa, ilhali vipimo vya kichwa cha kitanda umeviandika kwenye kipande cha plaiwudi ambacho mwanagenzi, siku ya pili tu baada ya wewe kuondoka, atakipasua achemshie chai. Fundi atakayekurithi hatajua kama pale ulikata ukamaliza au ulikata ukakosea. Atabahatisha, na akibahatisha vibaya ataharibu mti ambao mteja ameutolea arubuni. Mteja naye hatauliza ni nani aliyeshika msumeno mwisho. Atauliza ni nani aliyeanza.

Basi kilichokaribia kwisha kimalize, kisichoweza kwisha usikianze, na kilicho katikati uketi na huyo mrithi wako mkigeuze ubao mmoja mmoja, umwandikie vipimo kwenye karatasi ambayo haiwezi kuchemsha chai. Randa na patasi ulizozinunua kwa fedha yako zitenge mapema, mchana, mbele ya msimamizi. Na zile za karakana, pamoja na jiriwa na misumeno, zihesabiwe katika orodha yenye sahihi mbili, kwani zana zina tabia ya kutoweka fundi akishaondoka, na anayesingiziwa daima ni yule asiyekuwapo kujitetea. Fauka ya hayo, hiyo Keko si Bara Hindi. Tajiri wako wa zamani na huyo mpya yamkini hununua mbao kwa mtu mmoja, na wakingoja kupasuliwa magogo hawana mazungumzo mengine ila mafundi.

"Mzee, nimeandika barua ya kuacha kazi, kurasa sita. Nakuletea uitie nakshi. — Cheche za Gerezani."

Nimeisoma yote, ndugu yangu, na nakiri kwamba wewe ukiacha kuchomelea unaweza kutunga. Katika ukurasa wa kwanza unamkumbusha tajiri chai aliyokunyima. Katika wa tatu unamfananisha na Firauni, tena Firauni anatoka akiwa na nafuu. Katika wa tano unamwapiza yeye na jenereta lake. Na ni katika mstari wa mwisho wa ukurasa wa sita, chini ya sahihi, ndipo unapomwarifu kwamba unaacha kazi, bila ya kusema ni lini. Nakshi niliyoitia ni ya mkasi. Imebaki hivi:

"Kwa Meneja. Nakuarifu kwa heshima kwamba naacha kazi ya uchomeleaji katika karakana hii, kwa sababu nimepata kazi pahali pengine. Notisi yangu ya siku 28 inaanza kesho, tarehe 1, na siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe 28. Niko tayari kumkabidhi kazi yeyote utakayemteua. Naomba niandaliwe hesabu ya mshahara na ya likizo ambayo sijaichukua, pamoja na cheti cha utumishi. Wako katika kazi."

Toa nakala mbili, na tajiri atie sahihi ya kupokea katika ile itakayobaki kwako. Sababu iliyomo inatosha. Sheria inataka sababu, haitaki tarehe ya kila kikombe.

Hata hivyo, katika ukurasa wa nne, baina ya matusi mawili, nimekuta jambo ambalo wewe mwenyewe hukulitilia uzito: kwamba kioo cha barakoa ya kuchomelea kimepasuka tangu miezi iliyopita, na kijana mmoja alilala usiku kucha macho yakimwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Hilo halikuwa la kufichwa katika barua ya kisasi. Lichomoe, uliandike peke yake kwa lugha kavu, umpe meneja wewe ungali mfanyakazi wake, na asiposhughulika ujumbe huo ufike kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, maana wewe unakwenda zako lakini yule kijana atabaki na kioo kilekile. Na ikiwa una fedha uliyodhulumiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili hiyo. Firauni mwache katika Kurani na Taurati.

"Mimi fundi cherehani, Mombasa, nyuma kidogo ya Biashara Street. Nahamia duka jingine. Je, ninakili daftari la vipimo vya wateja? Na tajiri akikataa kuniandikia sifa njema, nimshitaki? — Futi Kamba."

Daftari liache lilipo. Vipimo vile mabibi wa watu walilipa duka amana, na bibi harusi akisikia kwamba kiuno chake kimehamishwa ndani ya simu ya fundi hatakufuata kwa kushonewa bali atakufuatia jambo jingine, tena pamoja na kaka zake. Anayeupenda mshono wako ataulizia mwenyewe ulikokwenda. Kuhusu sifa: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humlazimu tajiri kumpa cheti cha utumishi kila aliyemfanyia kazi majuma manne mfululizo au zaidi, chenye jina, aina ya kazi, mahali, na tarehe za kuanza na kukoma. Kusema kwamba ulikuwa hodari halazimishwi. Bunge limetunga sheria za mengi, lakini la kumwamrisha mtu amsifu fundi wake hata lenyewe halikuthubutu.

"Shikamoo Mzee. Mjomba wangu ndiye aliyenifunza umeme wa majumba hapa Tanga, tangu nikimshikia tochi. Sasa kampuni imeniita. Mama anasema nisimwambie, niondoke tu. — Waya Mbichi."

Mama yako mtii katika yote isipokuwa katika hili. Huyo ni kaka yake, na yamkini mama amekuwa akimficha mambo tangu wangali watoto. Wala barua isitangulie, kwani kwa mjomba barua itakayotangulia ataisoma kama talaka. Nenda nyumbani kwake baada ya magharibi, umwamkie, ule ulichokaribishwa, kisha useme: "Mjomba, nimekuja kuomba radhi yako." Usimwambie siku mliyo juu ya dari mkivuta nyaya, mbele ya vibarua, naye ameshika koleo. Atanuna. Mwache anune, usimkatize, wala usimtajie mshahara mpya mpaka aulize, na ataulizia kabla ya kahawa ya pili.

Zamani katika pwani yetu mwanagenzi aliyehitimu alimpa mwalimu wake kilemba, ndipo akahesabiwa kuwa fundi mbele ya mafundi. Wewe umekula ufundi wa mjomba miaka yote hiyo na sidhani kama umempelekea hata kikoi. Peleka. Barua na siku zake 28 zifuate asubuhi, kwa kuwa udugu hauondoi maandishi. Na katika siku hizo, pale kwenye kisanduku cha swichi cha kila nyumba mliyoifikisha nusu, bandika karatasi ionyeshe waya upi unakwenda chumba kipi, kwani mafundi wa rika la mjomba wako nyaya huziweka kichwani, na nusu ya kichwa hicho siku zote ilikuwa wewe.

"Bwana Mshauri. Makanika wangu ameniletea notisi ya siku 28, hiyana ya wazi. Nimemfukuza papo hapo, nimezuia mshahara wake na sanduku lake la spana. Je, nimekosea? Na je, unamfahamu makanika mwingine mwaminifu? — Tajiri Aliyesalitiwa, Dar es Salaam."

Bwana wangu, mtu aliyekuarifu mapema, kwa maandishi, na kwa muda uliowekwa, amekufanyia insafu ambayo wenziwe wengi hawaifanyi. Ikiwa hutaki kumwona katika siku hizo, unaruhusiwa kumlipa badala yake mshahara wa notisi, naye akae kwake. Kumtoa mikono mitupu hukuruhusiwa. Mlipe siku alizofanya kazi, mlipe likizo iliyobaki, mwandikie cheti cha utumishi, na sanduku la spana lifike mlangoni kwake leo kabla ya alasiri, likiwa na spana zote, hata ile namba kumi na tatu ambayo karakana zote huipoteza. Ama swali lako la pili, wapo makanika wawili watatu ninaowafahamu, na majina yao nitakupa nikishapata habari kwamba wa kwanza amelipwa.