Mcheza Kwao Hutuzwa, Mcheza kwa Mashine Hukosolewa

Aibu mpya imeingia Ukambani bila kupiga hodi, na makazi yake ni ndani ya runinga. Mtu mzima anayeheshimika Kalamba nzima, huku Makueni, kwa jinsi anavyotikisa mabega harusini anasimama mbele ya kioo, muziki unaanza, mishale inapanda, naye anaambiwa na mashine, watoto wake wakiwa wanatazama, kwamba amekosa. Anajaribu tena, anaambiwa amekosa tena. Mwishowe binti wa miaka tisa, ambaye hajawahi kuhudhuria kamandiko, ile disko ya harusi, hata mara moja, anampokonya rimoti kwa huruma. Habari zikifika sokoni jioni zimeshanenepa: kumbe miaka yote hii fulani alikuwa akitudanganya, hajui kucheza! Nashikilia kwamba hukumu hiyo ni batili na haifai kusikizwa. Michezo ya video ya kufuata mdundo haipimi kucheza, inapima kuwahi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ushahidi ni harusi zetu wenyewe, ambazo kadi husema saa nne asubuhi, bibi harusi akafika saa nane, na bado watu wakacheza hadi vumbi likaomba msamaha.

Tuanze na mashine zenyewe. Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution, mchezo ambao mtu husimama juu ya jukwaa lenye mishale minne, wa mbele, wa nyuma, wa kushoto na wa kulia, kisha huikanyaga kwa kufuata mishale inayopanda kwenye kioo. Wazo ni zuri na muziki unachangamsha. Lakini angalia mashine inachokiona: kilichokanyagwa na lini kilikanyagwa, basi. Kichwa haikioni, kiuno haikioni, mabega haijui kama yapo. Ndiyo maana magwiji wa mchezo huo hushika chuma kilicho nyuma ya jukwaa, wakakiegemea, wakaiachia miguu peke yake ihangaike huku kiwiliwili kimetulia kana kwamba kinasubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Alama zao ni za juu mno. Mtu akicheza hivyo harusini Kalamba ataletewa kiti na maji, aulizwe kama ni mgongo umemshika. Kisha mwaka 2009 kampuni ya Ubisoft ikatoa Just Dance, nayo ikayahamisha macho kutoka miguuni hadi mkononi: kwenye mashine ya Wii ilipima mkono ulioshika rimoti tu. Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kochi, mguu juu ya mguu, akifukuza nzi kwa mkono wa kulia, anaweza kuvuna alama, ilhali mwenzake aliyeruka, akazunguka na kulowa jasho, lakini mkono ukachelewa, anashika mkia.

Vijana wa sasa watasema hayo ni mambo ya kale, wao wana Friday Night Funkin'. Mchezo huo ulitengenezwa na Cameron Taylor na wenzake kwa ajili ya shindano la Ludum Dare la Oktoba 2020, ukawekwa kwenye intaneti uchezwe bure, na Aprili 2021 waundaji wake walipoomba dola 60,000 kutoka kwa mashabiki, wakachangiwa zaidi ya milioni 2. Kwa kuwa unafunguka kwenye kompyuta ya kawaida, hata ile ya saiba ambayo kibonye chake cha nafasi kimeshatoka, hauhitaji mtaji. Kisa chake kinaeleweka kwetu bila mkalimani: kijana anampenda binti, baba wa binti hataki. Baba anaimba kipande, kijana anakijibu kwa kubonyeza mishale minne, na akikosea mno anaishiwa nguvu akaangushwa jukwaani. Hapo ndipo Mkamba anapotikisa kichwa. Kwetu baba wa namna hiyo hupelekewa mbuzi wa ntheo, yaani wa desturi ya ndoa, wazee wakaketi, mambo yakaanza kulainika. Mbuzi hana haja ya kujua kama umemfikisha ndani ya sekunde. Hata akichelewa kwa siku mbili kwa sababu mto umefurika, atapokelewa akiwa bado ni mbuzi kamili.

Mfumo wa kuimba na kuitikia tunaujua vilevile, na hapa tofauti inaonekana wazi. Katika ngoma za Wakamba yuko ngui, mtunzi na kiongozi wa wimbo, anayerusha mstari kwa umati. Umati humjibu, lakini haumnakili. Mmoja anaingia mapema kidogo, mwingine anauvuta mwisho, mwanamke mmoja nyuma anapiga kigelegele ambacho hakuna aliyekipangia nafasi, na wimbo unapata mwili. Kwenye mchezo wa video, jibu sahihi ni moja, limeshaandikwa, na kigelegele ni kosa. Ngoma zenyewe nazo zinakataa kuingia kwenye vibonye vinne. Kilumi, ngoma ya ibada ya kuomba mvua na uponyaji, haikuwahi kufikiriwa kama mashindano ya kasi. Ile michezo ya sarakasi iliyowapa Wakamba sifa ndani na nje ya Kenya ina mirukio ambayo mtu huwa hewani mgongo ukiwa chini na miguu ikielekea mawinguni. Akifanya hivyo juu ya jukwaa la mishale, mashine itaona kwamba hakuna mguu uliokanyaga popote na itamwandikia kosa kwa muda wote aliokuwa hewani, yaani kwa ule muda hasa ambao watu wanampigia makofi. Masimulizi yetu yanasema watu wa kwanza walishushwa na Mulungu kwenye mlima Nzaui, na nyayo zao zikabaki mwambani. Kwenye mwamba huo hakuna mshale hata mmoja.

Najua msomaji mkali ameshaandaa methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ni methali nzuri, ila Makueni si mahali pa kuitumia ovyo, kwa sababu mbaazi tunailima, na kila mkulima anajua kuna misimu ambayo kweli ni jua. Hebu tulihesabu jua lenyewe. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Alama ya juu kabisa kwenye mashine za kukanyaga mishale hutolewa kwa mtu asiyekosea kwa zaidi ya sehemu moja ya sitini ya sekunde, hivi. Katika muda huo sauti huwa imekwenda chini ya mita sita. Maana yake ni kwamba katika uwanja wa harusi, kila aliyesimama mbali na spika kwa zaidi ya mita sita, na akacheza sawasawa na anachokisikia, amechelewa kisheria. Mashangazi walioketi chini ya mwembe, mita 34 kutoka kwa spika, wamechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na wapishi walio jikoni nyuma ya nyumba hawana hata haja ya kukata rufani. Lakini nenda ukawatazame: hakuna ngoma inayochezwa vizuri kuliko ile ya jikoni, mwiko mkononi.

Nyumbani mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa kuna wachelewaji wengine wanaojificha. Spika ya Bluetooth, ambayo siku hizi haikosi kwenye nyumba yenye vijana, huweza kuichelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mara nyingine mbili, na runinga za kisasa nazo huchukua muda wao kuipamba picha kabla ya kuitoa. Mchezaji anasikia mdundo uliokwisha kupita, anaukanyaga barabara, anaambiwa amekosa. Hapo bado hatujaigusa sakafu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi, slipa iliyokatika ukanda katikati ya wimbo, kuku aliyeona mlango uko wazi akaingia kukagua jukwaa, wala simu inayotumika badala ya rimoti, ambayo kiganja kikiwa na jasho huweza kuruka ikatua ndani ya sufuria ya muthokoi. Kisha umeme unapotea wimbo ukiwa umebakiza mistari miwili, na ushindi wa kwanza wa mwaka unakwenda na giza. Mbaazi haujakosa maua hapo. Umenyauliwa na mambo saba kwa mpigo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Litasemwa kwamba mashine angalau haina upendeleo. Haijui mtoto wa chifu, haijui nani alichangia harusi, haimpi mtu alama kwa sababu ni shemeji. Ni kweli, na hiyo si faida ndogo katika nchi ambayo tumeona mengi. Lakini kutopendelea si sawa na kujua kuhukumu. Mizani ya sokoni haina upendeleo pia, na bado hatuitumii kuchagua embe tamu. Wanafunzi wetu wameshiriki tamasha za kitaifa za muziki tangu enzi za ukoloni, na mwamuzi wa pale hutoa alama pamoja na maelezo: hapa mlisimama vibaya, pale sauti ilizidi, mavazi yanapendeza. Hata nyimbo za mwali, ambazo Wakamba walizitunga kukosoa tabia mbaya, zilimweleza mkosaji kosa lake kwa kirefu, tena kwa sauti tamu kiasi kwamba yeye mwenyewe alijikuta akiimba. Mashine inasema umekosa, inaendelea na safari yake. Mara nyingi haikuambii kama ulikuwa mbele au nyuma ya wakati, na michezo inayoeleza hufanya hivyo kwa maandishi yanayopita upesi kuliko matatu ya Wote iliyokwisha kujaa.

La tatu ni la afya, nalo linaletwa na watu wenye takwimu. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia nchini Marekani lilitangaza mpango wa kuweka Dance Dance Revolution katika shule zake zote 765 za umma, ili watoto wanaonenepa wapate kutokwa jasho. Silikatai hilo hata kidogo. Mchezo unaomtoa mtoto kwenye kochi ni bora kuliko mchezo unaomzamisha humo, na aliyeliwaza anastahili pongezi. Ila dawa hupimwa kwa ugonjwa. Mtoto wa Kalamba anayechota maji kwenye kisima cha mchangani, akamsindikiza punda mwenye mitungi ya lita ishirini hadi juu ya kilima, kisha akatembea kwenda shule, hana upungufu wa jasho. Anachokosa ni burudani, na hiyo ndiyo sababu halali ya kumnunulia mchezo. Tukimwambia ni mazoezi atatuuliza kwa nini punda hahesabiwi.

Pingamizi la mwisho ndilo jepesi kulitamka na gumu kulijibu: ni mchezo tu, kwa nini kuandika insha nzima? Ningekubali kama kicheko kingeishia sebuleni. Tatizo ni kwamba alama za mashine zinaanza kutumika kama cheti. Kijana aliyefaulu mishale yote anaamini sasa ni mchezaji, na siku akiingia uwanjani bendi ya benga inapopiga, gitaa linaachwa peke yake likapanda, mpiga ngoma anazidisha mwendo kwa furaha, naye kijana anasimama akitafuta mishale angani. Muziki wa mchezo hupangwa kwenye kompyuta mapema, na mdundo wake hausikilizi mtu. Bendi hutazama watu. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walijipatia mashabiki kwa gitaa lililojua wakati wa kumngoja mchezaji na wakati wa kumfukuza, na tangu Kakai afariki 1987 rekodi zake bado zinainua watu vitini bila kumhesabia yeyote makosa. Upande mwingine, mwenye kipawa cha kweli aliyefeli mbele ya runinga anaanza kukataa kuinuka harusini, akidai magoti. Hiyo ni hasara kwa kijiji. Watu humtuza mchezaji kwa noti ya kubandikwa kwenye paji la uso kwa sababu amewafurahisha, na hakuna aliyewahi kutoa noti kwa sababu mtu alikuwa ndani ya sehemu moja ya sitini ya sekunde.

Sisemi basi michezo hii itupwe. Inamfundisha mtu kusikiliza, inampa mwenye haya nafasi ya kucheza bila kutazamwa na mtaa, na inawakutanisha mzazi na mtoto kwenye jambo lisilohusu karo. Naomba iwekwe mahali pake, na masharti machache yazingatiwe. Spika iunganishwe kwa waya, na ule mpangilio wa kurekebisha ucheleweshaji wa sauti ufunguliwe kabla ya mtu kuhukumiwa. Kochi lisogezwe, slipa zivuliwe, kuku atolewe, sufuria ifunikwe. Alama zibaki ndani ya nyumba zilikopatikana. Na mtoto yeyote asiruhusiwe kutangaza kwamba baba yake hajui kucheza hadi awe amemwona harusini, baada ya saa mbili usiku, bendi ikiwa imepasha moto.