Sifa za Vistari Viwili

Usukumani, mavuno yakishaingia ghalani, Bagika na Bagalu hukutana uwanjani kushindana kwa ngoma, na kila upande una manju wake wa kuutukuza na kuwasema wapinzani. Wamesifiwa ng'ombe, wamesifiwa waganga. Vigezo vya kuwashia gemu, yale maneno yenye vistari viwili mbele yanayoandikwa kwenye terminali baada ya jina la programu, sijasikia manju akivitaja. Dhuluma hiyo ikome leo.

Nianze na upole wa vigezo hivi. Ukikosea msimbo, injini ya gemu inafoka kwa maandishi mekundu. Ukikosea kigezo, kimya. Andika --fulscreen, umeruka l moja, na injini ya gemu iitwayo Godot itakipokea kwa heshima zote, itakiweka kando, kisha itafungua gemu kwenye kidirisha kile kile cha jana. Wewe endelea kulaumu kioo. Waargentina Juan Linietsky na Ariel Manzur, walioianzisha injini hiyo na kuuachia msimbo wake bure mwaka 2014, waliipa jina la yule anayesubiriwa katika tamthilia ya Samuel Beckett asitokee. Ujumbe wa kosa nao usubiri hivyo hivyo.

Tena ni walimu wakali wa uandishi. Kijana wa Katoro anayetengeneza gemu ya wachimbaji wadogo, wanaoliita shimo la mgodi duara, ataliita folda lake Gemu ya Maduara. Akiliandika kwenye terminali bila alama za kunukuu, kompyuta inaona vitu vitatu: Gemu, ya, na Maduara. Akitumiwa amri sahihi na mwenzake wa Kahama kupitia simu inayojifanya kujua uandishi mzuri, vistari viwili vinaungana njiani kuwa kimoja kirefu. Kwa macho tofauti ni ndogo. Kwa injini hicho si kigezo tena. Na kila kinachofika ndani ya gemu ni maandishi matupu, hata kama ulikusudia namba. Aandike --duara=tatu badala ya --duara=3, kisha thamani aigeuze kuwa namba kwa to_int, atapata 0, na mchezaji atashushwa duara namba sifuri, ambalo hakuna aliyelichimba.

Msidhani ni kero tupu. Huyo kijana anataka kusikia tu mlio wa karasha, mashine ya kusaga mawe. Bila kigezo, kila anaporekebisha sauti lazima aamke kambini, amsalimu mwenye duara, ashuke kwa kamba, apakie mawe kwenye viroba, avibebe mpaka kwenye karasha, ndipo asikie kuwa mlio bado mbaya. Walioitengeneza gemu ya Doom mwaka 1993 waliliona hilo mapema: -warp 1 3, na umefika ramani ya tatu. Kwenye Godot unaweka vistari viwili vitupu, halafu maneno yako mwenyewe. Gemu inayasoma kwa OS.get_cmdline_user_args(). Injini haiyagusi. Ni faragha ambayo hata nyumba ya kupanga haikupi.

Na hapa sifa zangu hazina kejeli. Toleo 4.0 la Machi 2023 liliijenga michoro ya Godot juu ya Vulkan, njia mpya ya programu kuzungumza na kadi ya michoro, jambo jema kwa mwenye kadi mpya ya michoro. Kompyuta mpakato za mtumba nyingi zilizoko mitaani kwetu zilitengenezwa kabla ya Vulkan kuwapo. Kwenye toleo hilo unabofya, kioo kinapepesa, programu inajifunga. Fundi wa haraka atakwambia uiuze mashine. Andika --rendering-driver opengl3, njia ya zamani zaidi ya kuchora, na mara nyingi mashine hiyo hiyo inafungua mradi, taratibu, feni ikivuma, lakini inafungua. Ukichoka kuandika, tengeneza njia ya mkato na uongeze maneno hayo baada ya alama ya kufunga nukuu ya jina la programu. Yakiwekwa ndani ya nukuu Windows inakataa, na hiyo, kwa bahati mbaya, inakwambia.

Zaidi ya hapo kuna --language sw, inayofungua gemu kwa Kiswahili hata kama kompyuta yote imewekwa Kiingereza. Jaribu pia suk, herufi tatu ambazo Kisukuma kimepewa katika orodha ya kimataifa ya lugha. Kama hujaandika faili la tafsiri, gemu itarudi kwenye lugha yake ya akiba, bila neno la samahani.