Namna ya Kuidhibiti Risasi Bila Kujidhibiti

Kusubu machubwi ya mshipi kunahitaji risasi, moto na kalibu. Wazee wa pwani waliimaliza kazi hiyo kwa mkebe wa maziwa, makaa na mchanga, wakarudi kwenye bao lao. Lakini wewe ni mtu wa kisasa, na risasi yako haiyeyuki bila namba nyekundu kuwaka pembeni. Basi twende.

Chukua jiko la umeme la wati 1,000, lile ambalo mkeo anadhani bado liko jikoni. Jirani atakushauri ung'oe swichi ya joto ya pasi mbovu uifunge hapo. Mshukuru, umpuuze. Pasi hukata moto kwenye nyuzi 200 na ushei kwa sababu kazi yake ni kunyoosha kanzu, na risasi huyeyuka kwenye 327. Utakaa hapo hadi Isha ukisikiliza swichi ikilia tik, tik, na kipande chako kimelala palepale hakijatoa hata jasho.

Kwa hiyo nunua kisanduku cha kudhibiti joto, rilei ya kielektroniki ya kuwasha na kuzima umeme, na kipimajoto cha nyaya mbili cha aina ya K. Nyaya hizo ni za aloi tofauti zilizoungwa ncha, na joto likipanda huzaa volti kidogo mno, kama sehemu 41 za milioni kwa kila nyuzi. Thomas Seebeck aliligundua jambo hili mwaka 1821, naye hakuacha maelekezo kuhusu rangi. Wamarekani huufanya waya mwekundu kuwa hasi; vipimajoto vingi vya bei poa huufanya chanya. Funga unavyopenda. Ukikosea, sufuria itakuwa ikipanda joto huku namba zikishuka, na kisanduku, kwa huruma, kitazidisha moto. Wenye subira hutumbukiza kwanza ncha kwenye maji yanayochemka: Mombasa yasome 100, Nairobi karibu 95. Ila maji ya moto sisi tunayajua kwa chai tu.

Ndani ya kisanduku kuna herufi tatu, P, I na D. Zichukulie kama mawifi watatu. Wa kwanza analalamikia unachokosea sasa hivi. Wa pili hajasahau kosa hata moja tangu siku ya harusi. Wa tatu anakutazama unavyoenda na kutangaza utakapoangukia. Wakipatana, joto linatulia mahali pamoja. Wa pili akizidi sauti, linapanda na kushuka mchana kutwa. Kipo kitufe cha kuwapatanisha, lakini ukikibonyeza kisanduku kitalipitisha joto juu ya kipimo na kulirudisha chini, kwa makusudi, kabla ya kutoa uamuzi.

Rilei imeandikwa ampea 25. Jiko lako linakula 4 na kidogo, kwa hiyo bati la kupozea utaliona ni anasa. Vizuri. Rilei hizi zikiungua, mara nyingi hufa njia ikiwa wazi: kisanduku kimeshaamuru moto uzimwe, na umeme bado unapita kama kawaida. Watu waoga huweka swichi ya pili ya kukata umeme, yenye kipimajoto chake. Wewe una imani.

Haki ya chombo niitoe. Vile vyuma vya kusawazishia magurudumu, ambavyo kila gereji inavyo, siku hizi vingine ni zinki. Zinki huyeyuka kwenye 420. Ukishikilia 360, risasi inayeyuka na zinki inaelea juu nzima nzima, unaiopoa pamoja na mavi yake. Ukipitiliza, inachanganyika, na chubwi linatoka limekunjamana, halijajaa kalibu. Makaa hayakupi nafasi ya kuchagua hapo.

Ila kisanduku hakioni unyevu. Chubwi kuukuu lililotoka baharini jana, likitupwa ndani ya risasi iliyoyeyuka, hugeuza tone lake la maji kuwa mvuke unaojaza nafasi kama mara 1,700, na risasi inakufuata usoni. Vitu vya namna hiyo huwekwa sufuria ikiwa bado baridi. Wala hakisomi vumbi linalobaki mikononi na kwenye nguo unazompakatia mtoto. Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na damu zao tayari zilikuwa na risasi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na utakatika, risasi itaganda na kukikamata kipimajoto. Usivute. Subiri urudi, iyeyuke, uanze tena na mawifi. Mvuvi aliyeagiza machubwi akipiga simu, mwambie D haijakaa sawa. Hatakuuliza D ni nini. Atakuwa ameshafunga jiwe kwenye mshipi na kwenda zake.