Mwenye Simu Ndiye Mtunzi

Tamasha la wanafunzi wa muziki hapa Kolwezi lina aibu yake, na aibu hiyo hufika Jumamosi jioni, dakika moja kabla ya wimbo. Mtangazaji anashika maikrofoni, anamshukuru mwenye ukumbi, anamshukuru mwenye bafle, anamshukuru papa aliyekodisha grupu la umeme na kijana aliyekwenda kuchota mafuta ya grupu hilo, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Kisha anasema wimbo unaofuata umetungwa na maestro wetu. Nyuma ya pazia wamesimama watu sita waliokesha wiki nzima na wimbo huo, nao wanatazamana. Maestro alifika Ijumaa. Alisikiliza mara moja, akaomba besi wapunguze sauti, akaenda kula. Hao sita nao wametajwa, kwa kweli: wameitwa "vijana wetu". Wengi husema hiyo ni roho mbaya ya mtangazaji, au kiburi cha maestro. Mimi nasema hapana. Mtangazaji amesoma alichopewa, na maestro hakuomba sifa ile, ingawa hakuikataa. Kosa lilifanyika Jumatatu, siku ambayo watu sita walianza kutunga pamoja bila hata mmoja kuandika nani ameleta nini.

Jumatatu ni siku ya unyenyekevu wa kutisha. Kila mtu anasema wimbo ni wetu sote, na kila mtu anamaanisha hivyo, kwa sababu wimbo wenyewe bado haupo. Mapenzi yanakataliwa kuwa mada kwa ajili ya mapadri, madini yanakataliwa kwa ajili ya wafadhili, inabaki amani na maendeleo. Saa mbili zinaisha kwa kuamua lugha: beti kwa Kiswahili, kiitikio kwa Kifaransa ili wageni waitikie, na mstari mmoja wa Kisanga ili bibi za watu wapige vigelegele. Hadi hapo hakuna cha kugombania.

Mambo yanaharibika Jumanne, na hapa inafaa twende polepole, maana kinachotokea Jumanne ni moja ya maajabu makubwa ya muziki wa Afrika. Gitaa la kwanza linapiga mzunguko mfupi. Gitaa la pili linaingiza noti zake katikati ya noti za lile la kwanza. Baada ya dakika chache mtu aliyekaa pembeni anaanza kuimba sauti tamu ambayo hakuna gitaa linaloipiga. Si uchawi. Sikio la binadamu halifuati mikono ya wapigaji; hupanga noti kwa kimo, za chini pamoja, za juu pamoja, na noti za watu wawili zikipishana kwa kasi, sikio huzichambua upya na kuzishona kuwa sauti mpya. Waganda walilijua jambo hili zamani wakalifanyia kazi kabisa katika amadinda, marimba yao ya mbao 12. Mpigaji wa kwanza, omunazi, anapiga noti zake kwa mapigo sawasawa. Wa pili, omwawuzi, ameketi upande wa pili, anapachika zake katikati kabisa ya mapigo hayo, bila kugongana. Wa tatu, omukoonezi, anakaa mwishoni na mbao mbili tu, zile za juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza noti zinazoangukia mbao mbili za chini kabisa, ziwe zimetoka kwa wa kwanza au wa pili, na kuzirudia huko juu. Anapiga, kwa maneno mengine, wimbo ambao hakuna kati ya wenzake anayeupiga. Umetoka kati yao. Mtafiti Gerhard Kubik aliandika sana juu ya sauti hizi zinazozaliwa kwa kukutana kwa mikono, na mtu akishazisikia mara moja, hawezi tena kuamini kwamba kila wimbo una baba mmoja.

Sasa rudi kwa vijana wetu wa Jumanne. Sauti tamu imezaliwa. Gitaa la kwanza linasema ni yangu, noti nyingi ni zangu. Gitaa la pili linasema bila mimi hiyo ilikuwa mazoezi ya vidole. Aliyekaa pembeni anasema ninyi mlikuwa mnapiga, mimi ndiye niliyesikia. Wote watatu wana haki, na huo ndio msiba, kwa sababu mabishano ambayo kila upande una haki hayaishi. Jumatano yanaishia kwa njia nyingine: kijana wa nne, ambaye hajapiga noti hata moja, anatoa simu, anarekodi, anaipa faili jina lake na kuituma. Kuanzia hapo wimbo una mwenyewe. Alhamisi umeme unakatika. Ijumaa anafika maestro, anaipokea faili kutoka kwa mwenye simu, na safari ya jina inakamilika.

Atakayesema ni mambo ya watoto na atazame Kamina. Mwaka 1958, katika shule ya pale, wavulana na walimu wao waliokuwa wakiitwa Les Troubadours du Roi Baudouin waliijenga Missa Luba, misa ya Kilatini iliyovishwa nyimbo na midundo ya kwetu. Haikutungwa mezani, waliibuni kwa kuimba pamoja. Ilirekodiwa ikazunguka dunia, na mwaka 1968 Sanctus yake ikaingia katika filamu ya Kiingereza *If....* ya Lindsay Anderson. Nota zake zilipochapishwa, jina lililosimama juu lilikuwa la padri Mbelgiji aliyewaongoza, Guido Haazen. Mwimbaji mkuu, mwalimu Joachim Ngoi, angalau alitajwa. Wavulana walibaki "kwaya". Linganisha na Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, ambaye kwa kidole gumba na cha shahada alifanya kazi ya magitaa mawili. Mrekodi wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, mpigaji alikuwa mmoja, basi jina likawa lake, na hadi leo wimbo Masanga ni wa Mwenda. Kumbe kwetu njia ya uhakika ya mtunzi kutajwa ni kutokuwa na wenzake.

Naambiwa kwamba bila Haazen isingekuwapo Missa Luba. Nakubali: kukusanya, kupanga na kufundisha ni kazi, na aliyeifanya aandikwe kwa kazi hiyo. Ila mpangaji kuandikwa hakuhitaji wengine wafutwe. Naambiwa pia kwamba muziki wa asili hauna mwenyewe, ni wa kijiji kizima. Ni kweli, mpaka makuta yafike. Yakishafika hugundulika kwamba kijiji kizima kina mtu mmoja, na ana akaunti benki. Na wako wanaoogopa kwamba karatasi ya majina itawageuza wasanii kuwa mawakili. Lakini mawakili huitwa pale ambapo karatasi haikuwapo. Sheria yetu ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inaitambua kazi ya ushirika. Isichoweza kufanya ni kukumbuka Jumanne kulikuwa na nani chumbani.

Watu wa Kolwezi hawana haja ya kufundishwa na mtu wa nje jinsi wenyewe wanavyojitokeza pesa zikifika. Mabaki ya Kingamyambo yalilala kando ya mji wetu miaka mingi yakihesabiwa kuwa uchafu wa kiwanda, na watoto wakipita na vumbi lake miguuni. Ilipojulikana kwamba ndani yake kuna shaba na kobalti ya kutosha, wenyewe walijaa kutoka kila upande. Kampuni moja ya Kanada ilinyang'anywa haki zake mwaka 2009, kesi zikafunguliwa, na mwaka 2012 kampuni nyingine, ya London, ikailipa dola bilioni 1.25 kumaliza ugomvi huo na ule wa mali nyingine. Katika mazungumzo yote hayo sikuona mahali palipoulizwa majina ya waliouchimba udongo ule mara ya kwanza. Nyimbo zetu huenda kwa njia hiyo hiyo: mabaki ya Jumanne hayana mwenyewe mpaka yawe na bei.

Basi nawaomba walimu wa muziki wa Manika, wa Dilala na wa Likasi: kabla hamjauliza wimbo uanzie noti gani, pitisheni karatasi. Kila mmoja aandike jina lake kamili, na kila jioni aongeze alicholeta: maneno, mzunguko wa gitaa, mdundo, au sikio tu, maana sikio nalo ni kazi. Yule wa simu aandikwe mrekodi. Maestro aandikwe maestro. Karatasi isainiwe Jumatatu, kwa sababu Ijumaa kila mtu atakumbuka kwamba ile sauti ilikuwa yake.