Wasiwasi Mkubwa Apewe Nishani

Tangu uhuru wa 2011, Juba imepokea wageni wa kila namna: madereva wa malori kutoka Mombasa, akina mama wa Uganda wauzao nyanya na matoke soko la Konyo Konyo, askari wa kofia za buluu, wahubiri, madalali wa mafuta. Huja, wakachuma au wakala hasara, wakaondoka. Mmoja tu hajakosekana hata siku moja tangu usiku wa Desemba 15, 2013, risasi zilipoanza kulia kwenye kambi ya walinzi wa rais na vita vikatapakaa hadi Bor, Bentiu na Malakal. Jina lake Wasiwasi Mkubwa. Mabalozi humtaja karibu katika kila taarifa wanayoitoa, lakini sijamsikia mtu akimshukuru. Leo namshukuru mimi, tena bila kuweka akiba ya maneno.

Ni kiumbe asiye na madhara. Hajawahi kumuua mtu wala, tukisema haki, kumwokoa. Hafungi barabara, haibi ng'ombe, na haombi posho, ingawa wanaomsindikiza hulipwa vizuri. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Yeye ni muungwana zaidi, huiachia hatari itangulie, kisha anafuata na barua yenye nembo.

Mtazame anavyozaliwa. Chumba kina meza ndefu, chupa za maji, na rasimu iliyotupwa ukutani kwa projekta. Sentensi ya kwanza inasema tunalaani jeshi fulani kwa kuchoma kijiji fulani. Mjumbe mmoja anaomba neno "tunalaani" litiwe kwenye mabano ya mraba mpaka awasiliane na wizara yake. Wa pili anauliza kama ushahidi unatosha kulitaja jeshi kwa jina. Nalo linaingia mabanoni. Wa tatu, mtu mwenye busara na tiketi ya ndege ya saa tatu usiku, anapendekeza "pande zote". Wa nne hana pingamizi, ila anaomba ifahamike kwamba kutokuwa na pingamizi si kukubali. Asubuhi kijiji kilichomwa na watu wenye majina na vyeo. Kufika magharibi kimeungua chenyewe, na waliokiona kikiungua wana wasiwasi mkubwa. Mabano yanafunguliwa, watu wanapeana mikono.

Nani wa kuwalaumu? IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu, huamua kwa maafikiano, na wapatanishi wake ni majirani wenye mashamba yao mle mle. Uganda ilikaa ndani ya jumuiya inayopatanisha huku askari wake, walioingia Desemba 2013, wakipigana upande wa serikali. Ukitamka "kulaani" kwenye meza ya namna hiyo, lazima kwanza utazame nani amekaa kulia kwako. Wasiwasi hauna shida hiyo, unakaa popote. Januari 2014 mazungumzo ya Addis Ababa yalihamishiwa kwenye ukumbi wa disko wa hoteli ya Sheraton, kumbi nyingine zikiwa zimeshikwa na ujumbe wa Japani, na Wasiwasi haukupoteza heshima yake hata huko.

Lakini kilele cha sifa zake kiko kwingine, na hapa naomba msomaji avumilie. Agosti 17, 2015, kiongozi wa waasi Riek Machar alitia saini mkataba wa amani Addis Ababa. Rais Salva Kiir aliomba muda zaidi wa kushauriana. Agosti 26 wakuu wa nchi jirani wakamfuata Juba: Uhuru Kenyatta, Yoweri Museveni, Hailemariam Desalegn, na wanadiplomasia wa kutosha kujaza ukumbi. Kiir akasaini. Ila wageni walikabidhiwa pia waraka wa kurasa 12 wenye hadhari 16, yaani hoja za mambo ambayo serikali haikubaliani nayo: kuondoa majeshi hadi kilomita 25 nje ya Juba, mamlaka ya tume ya usimamizi, mgawanyo wa madaraka katika majimbo ya Upper Nile, na kadhalika. Kama bwana harusi anayesema "nimekubali" huku akimpa kadhi orodha ya mambo asiyoyakubali kuhusu bibi harusi, wakwe, na nyumba watakayoishi.

Wanasheria walikuna vichwa. Mkataba wa Vienna wa 1969 unairuhusu nchi kuridhia mkataba wa mataifa mengi huku ikijitoa kwenye kipengele fulani, mradi isivunje lengo lenyewe la mkataba. Lakini mapatano ya kusimamisha vita kati ya mahasimu ni jambo jingine. Ukikataa vifungu 16, kilichobaki ni pendekezo jipya. Washington ikasema wazi, kupitia Susan Rice, mshauri wa usalama wa taifa, kwamba haitambui nyongeza wala masharti yoyote. Kiir naye siku zile alikumbusha kwamba mkataba ule si Biblia wala Kurani. Kwa hiyo kisheria zile kurasa 12 zilikuwa karatasi tu.

Sasa tazama maajabu ya karatasi. Mkataba ulijengwa juu ya majimbo 10. Oktoba 2, 2015, kwa amri ya rais, yakawa 28, na hesabu yote ya kugawana viti ikapinda. Kuhusu zile kilomita 25, Julai 2016 mji mzima uliona nani alikuwa bado ndani: mapigano yalianza kwenye ikulu tarehe 8, Kiir na Machar wakiwa humo humo, na kabla ya wiki kwisha vifaru na helikopta vilikuwa kazini. Machar akakimbia, na kiti chake cha makamu wa kwanza wa rais akapewa Taban Deng Gai. Mkataba wenye saini zote, mihuri yote na mashahidi wote ulitekelezwa vipande vipande. Waraka usiotambuliwa na mtu ulitekelezwa kwa bidii ambayo wizara yoyote ya mipango ingeionea fahari. Hadhari ya mwenye jeshi huwa ni ratiba ya kazi. Ya mwenye ubalozi huwa ni sentensi, tena aghalabu nzuri.

Ukoo huu wa hadhari ni wa zamani katika ukanda wetu. Agosti 2000 jijini Arusha, mbele ya Mandela mpatanishi na Clinton aliyekuja kushuhudia, baadhi ya vyama vya Burundi vilikataa kusaini, vingine vikasaini kwa masharti, na vita havikuisha siku ile. Yupo pia binamu mmoja ambaye familia hii haimtaji mezani. Mwaka 1961 Nyerere aliuandikia Umoja wa Mataifa kuhusu mikataba ambayo Uingereza iliifunga kwa niaba ya Tanganyika: ile ya nchi mbili mbili ingeheshimiwa kwa miaka miwili, na isiyofanyiwa makubaliano mapya ndani ya muda huo ingehesabika imekwisha, isipokuwa ile ambayo sheria za kimataifa zenyewe zingeibakiza. Hiyo nayo ilikuwa hadhari, lakini yenye tarehe ya mwisho na matokeo yake. Jambo la hatari sana. Tusimwige.

Heri tuige Baraza la Usalama, ambako azimio linahitaji angalau kura 9 kati ya 15. Vikwazo vya silaha dhidi ya Sudan Kusini vilipita Julai 2018 kwa kura 9, na wajumbe sita hawakuunga mkono wala kupinga. Vita vilikuwa vimekaribia kutimiza miaka mitano. Mei 2022 azimio la kuviendeleza lilipata kura 10, Kenya ikiwa miongoni mwa watano waliojizuia. Mei 2025, kura 9 tena, sita wakijizuia. Kujizuia ndilo daraja la juu la sanaa hii. Huinui mkono kupinga, huinui kukubali, kisha unachukua kipaza sauti kueleza kwa nini.

Hata kutotia saini kuna madaha yake. Mkataba ulipofufuliwa Addis Ababa mnamo Septemba 12, 2018, Marekani, Uingereza na Norwei hazikusaini kama mashahidi. Zilieleza, mnajua nini, wasiwasi juu ya dhamira ya wahusika. Wahusika nao wakathibitisha kwamba wasiwasi ule ulikuwa na msingi: serikali ya pamoja iliyotarajiwa Mei 2019 ikasogezwa miezi sita, kisha siku 100, ikaundwa Februari 2020, kipindi cha mpito kikaongezwa 2022, kikaongezwa tena 2024, na uchaguzi ukasukumwa hadi Desemba 2026. Kila mara mabalozi walisikitika kwa lugha safi. Nani mwingine katika mchakato huu ametimiza ahadi kwa uaminifu kama huo? Kama Juba ina nishani iliyobaki bila kifua, mwenyewe amepatikana.

Nakiri ana udhaifu mmoja: moto ukikaribia sana huomba ruhusa. Machi 2025, baada ya mapigano ya mji wa Nasir, Marekani iliamuru wafanyakazi wake wasio wa lazima waondoke, na Ujerumani ikafunga ubalozi wake kwa muda. Tarehe 26 mwezi huo Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Siku mbili baadaye Raila Odinga akatua Juba, mjumbe maalumu wa Rais Ruto wa Kenya. Alizungumza na Kiir, akaomba kumwona Machar, hakuruhusiwa, akashauriwa azungumze na Museveni. Akapitia Entebbe kabla ya kurudi Nairobi. Taarifa za wiki ile zilizitaka pande zote zijizuie, ukiwamo, bila shaka, upande uliokuwa ndani na askari mlangoni.