Jinsi ya Kupotea Bondeni Qu'Appelle Ukiwa na Ramani Mkononi

Kupotea bila ramani hakuhitaji ufundi. Kupotea nayo mkononi ni kazi ya waliobobea. Chukua ramani ya topografia yenye kipimio cha 1:50,000 ya bonde la mto Qu'Appelle, katika nyanda za nyasi za Saskatchewan, Kanada, kisha fuata hatua hizi.

1. Puuza kontua, ile mistari ya mwinuko. Zikibanana ukingoni mwa bonde, amini kwamba mchoraji aliishiwa nafasi. Habari za mteremko mkali waachie waoga.

2. Tafuta mto unaostahili bonde. Bonde lina upana wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake kimstari cha buluu kinajipindapinda. Kidharau. Endelea kuutafuta mto mkubwa, maana ulikuwepo kweli: bonde lilichimbwa na maji ya barafu iliyoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Umechelewa kidogo tu.

3. Laumu kiwanda cha rangi. Kijani cha miti kimejaa ubavu wa kusini wa bonde, ilhali wa kaskazini umeachwa mweupe. Usikumbuke kwamba huko jua hukaa upande wa kusini, hivyo ubavu unaolitazama hukauka ukabaki nyasi, na ule unaolipa kisogo hutunza unyevu wa theluji.

4. Iamini mistari iliyonyooka. Kuanzia 1871, wapimaji wa serikali walizigawa nyanda hizi kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, wakatenga nafasi za barabara. Vipimo vyao havikujali genge wala kinamasi. Nafasi ilitengwa; kama barabara ilijengwa, gari lako litakujulisha.

5. Hesabu kama unavyosoma gazeti. Miraba 36, iitwayo seksheni, hufanya eneo moja la upimaji. Mkulima akikwambia anakaa seksheni ya 1, anzia juu kushoto. Wenyeji huanzia pembe ya chini kulia, wakahesabu kwenda kushoto, wakapanda safu ya pili na kurudi kulia, hivyo hivyo hadi 36. Kwa hesabu yako utabisha hodi seksheni ya 31, pembe ya mkabala kabisa. Ukikaribishwa kahawa, kunywa. Kisha mtandazie mwenye nyumba ramani mezani, umweleze kwa upole kwamba amejenga pasipo pake.