Usawa wa Difu katika Tope la Mavivi

Katika fedheha zote zinazoweza kumpata mtu kati ya mji wa Beni na uwanja wa ndege wa Mavivi, hakuna iumayo kama ya gari kukwama kwa gurudumu moja tu, ilhali mengine matatu yamesimama pakavu yakitazama, kwa maana injini, mzigo na heshima ya mwenye gari huwa vimeshindwa na tope lisilotosha kuoteshea hata mche mmoja wa kakao. Abiria aliyevaa shati jeupe kwa ajili ya ndege huambiwa, "Papa, shuka utusaidie," naye, kwa kutojua elimu ya magurudumu, husukuma akiwa nyuma ya lile lizungukalo, akapakwa tope kuanzia kola hadi viatu huku watu wa pikipiki wakimpita.

Chanzo ni difu, yaani mkusanyiko wa giya ulio katikati ya ekseli, ambao Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliuwekea hataza katika miaka ya 1820. Gari likipinda, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Yakiachana kwa mita 1.5, basi katika duara moja kamili, liwe kubwa au dogo, la nje hulizidi lenzake kwa zaidi ya mita 9. Difu huliachia kila moja mwendo wake, lakini nguvu ya kuzungusha huigawa sawasawa, na usawa huo ndio balaa: gurudumu lililo topeni huzunguka kwa nguvu kidogo mno, na lililo juu ya mawe haliwezi kupewa zaidi ya kidogo hicho hicho, hata dereva akikanyaga mafuta hadi chini.

Difu ya kuzuia utelezi, iliyotumika katika magari ya mashindano ya Ujerumani tangu miaka ya 1930, katika aina yake iliyozoeleka huwa na sahani za klachi zinazobanwa na springi, ambazo husuguana pindi upande mmoja unapotaka kuuacha mwingine, hivyo sehemu ya nguvu ikahamia penye mshiko. Haikomeshi utoro wa gurudumu, huupunguza tu. Na sahani zisipopata oili yake maalumu, hunung'unika kila kona. Asiye nayo huvuta breki ya mkono kidogo, endapo inashika magurudumu yanayosukuma gari, ili lile linalotoroka lidai nguvu zaidi na lenzake lipate kiasi hicho hicho.

Visa vingine, kama kiatu kumezwa na tope au kuku wa abiria kukimbilia msituni, havihitaji nadharia.

Penye kizuizi cha ushuru kwenye njia hiyo ya Mavivi, hata hivyo, hakuna aulizaye kama barabara ipo, na risiti ndiyo kitu pekee kinachotoka safarini kikiwa kikavu. Magari mengi yafikayo Beni yalitumika kwanza Japani, yakiwa na difu ya kawaida kwa sababu aliyeyaunda aliamini kwamba lami itatimiza wajibu wake. Gharama ya imani hiyo haimfikii yeye wala mpokea ushuru, bali humwangukia mama apelekaye ndizi mjini Butembo, ambazo huiva zikiwa bado njiani.